Nani Anachagua, na Anachagua Nini? Uhakiki wa Modeli za Uchaguzi wa Huduma za Mawasiliano katika Usimamizi wa Mitandao

Ikisiri

Makala haya yanahakiki modeli zinazotumika kueleza namna watumiaji wanavyochagua huduma za mawasiliano, na kupima iwapo modeli hizo zinamfaa msimamizi wa mtandao katika mazingira ya malipo ya kabla, laini nyingi na kipato kidogo, kama ilivyo Tanzania. Uhakiki umejikita katika kazi ya Train, McFadden na Ben-Akiva (1987) na kazi zilizoifuata, ukizisoma sambamba na utafiti wa Donner (2007) kuhusu bipu. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa modeli hizi hautokani hasa na umbo la kanuni zake, bali na mambo matatu yanayoamuliwa kabla ya kanuni kuandikwa: nani anahesabiwa kuwa mchaguzi, machaguo gani yanahesabiwa kuwa mbele yake, na kumbukumbu zipi zinachukuliwa kuwa ushahidi wa mahitaji yake. Makala yanahitimisha kuwa modeli iliyojengwa juu ya kumbukumbu za matozo pekee humhesabu anayelipa na kumwacha anayehitaji, na kwamba kosa hilo ni la kiufundi na la kijamii kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Msimamizi wa mtandao wa simu hukabiliwa na swali moja lenye sura nyingi: uwezo kiasi gani uwekwe kwenye mnara upi, kwa saa zipi, na kwa gharama ya nani. Akiweka uwezo mdogo, simu hukataliwa na data husuasua. Akiweka mkubwa kupita kiasi, mtaji hulala kwenye vyuma visivyotumika. Ili akadirie vyema, haitoshi ajue mzigo wa jana. Anapaswa pia kujua watumiaji watafanya nini bei ikibadilika, kifurushi kipya kikitangazwa, au mtandao shindani ukijenga mnara ng'ambo ya barabara. Kwa maneno mengine, anahitaji nadharia ya uchaguzi.

Nadharia hiyo ipo, na imeheshimika kwa takribani nusu karne. Makala haya hayakusudii kuibeza. Yanakusudia kuonesha mipaka yake pale inapohamishwa kutoka katika mazingira iliyozaliwa, yaani kaya yenye simu moja ya mezani na bili ya mwisho wa mwezi, na kupelekwa katika mazingira ambamo mtu mmoja ana laini mbili au tatu, ananunua huduma kwa siku au kwa saa, na mara nyingi huamua njia ya kuwasiliana baada ya kutazama salio lake. Maswali matatu yanauongoza uhakiki huu. Kwanza, modeli zinamchukulia nani kuwa mchaguzi? Pili, zinachukulia kuwa ana machaguo gani? Tatu, uamuzi wa kiusimamizi unaotokana na modeli hizo unamnufaisha nani na kumwumiza nani?

2.0 Kutoka Kuhesabu Simu hadi Kumweleza Mchaguzi

Taaluma ya kupima mzigo wa mtandao ilianza bila mchaguzi. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alionesha mwaka 1909 kwamba simu zinazofika kwenye kituo kwa bahati nasibu zinaweza kuelezwa kwa mgawanyo wa Poisson. Mwaka 1917 akatoa kanuni ya kukokotoa sehemu ya simu zitakazokataliwa pale njia zote zinapokuwa zimeshikwa. Kanuni hiyo bado hufundishwa na kutumiwa. Ndani yake mtumiaji hana sura: simu zinafika, zinadumu kwa muda fulani, zinaondoka. Sababu ya kupiga, bei ya kupiga na njia mbadala za kuwasiliana havimo.

Mchaguzi aliingia kupitia uchumi. Daniel McFadden, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2000 pamoja na James Heckman, aliweka katika miaka ya 1970 msingi wa kuchanganua uchaguzi wa vitu visivyogawanyika: basi au gari, treni au miguu. Kila chaguo hupewa thamani ya manufaa yenye sehemu mbili, moja inayoonekana kwa mtafiti, kama vile bei na muda, na nyingine isiyoonekana. Kutokana na dhana fulani kuhusu sehemu isiyoonekana, hupatikana modeli ya lojiti, ambamo uwezekano wa kuchagua kitu hutegemea uzito wa manufaa yake ukilinganishwa na jumla ya uzito wa machaguo yote.

Kuziunganisha taaluma hizi mbili ni wazo lenye mantiki. Lojiti hukadiria watumiaji wangapi watachagua huduma ipi; idadi hiyo hugeuzwa kuwa mzigo; mzigo huingizwa katika kanuni ya Erlang; nayo hutoa idadi ya njia zinazohitajika. Mnyororo huu ndio uti wa mgongo wa kazi nyingi za usimamizi wa mtandao unaozingatia mtumiaji. Hata hivyo, mnyororo una tabia moja ambayo haijapewa uzito unaostahili: kosa dogo katika pete ya kwanza hukua linapofika katika pete ya mwisho. Sehemu ya 4.0 inalithibitisha jambo hili kwa hesabu.

3.0 Kazi ya Mwaka 1987: Mafanikio na Mipaka

Makala ya Train, McFadden na Ben-Akiva, iliyochapishwa mwaka 1987 katika jarida la uchumi la RAND, ni kazi ya msingi katika eneo hili. Ilichunguza namna kaya za Marekani zilivyochagua aina ya huduma ya simu za ndani ya eneo, baadhi zikitozwa kiasi kisichobadilika kwa mwezi na nyingine zikitozwa kulingana na simu zilizopigwa. Ubunifu wake ulikuwa kukataa kutenganisha maamuzi mawili. Kaya haichagui kwanza aina ya malipo kisha ikaamua namna ya kupiga simu. Huchagua vyote kwa pamoja, kwa kuwa anayetarajia kuzungumza sana atapenda malipo yasiyobadilika, na aliye kwenye malipo yasiyobadilika atazungumza zaidi. Waandishi walilieleza jambo hili kwa lojiti yenye ngazi, wakiuchukulia mpangilio mzima wa simu za kaya, yaani idadi yake, urefu wake, saa zake na maeneo zinakokwenda, kuwa kitu kimoja kinachochaguliwa.

Kwa msimamizi wa mtandao, mafanikio haya ni makubwa. Modeli haielezi tu nani atanunua nini. Inaeleza pia saa na eneo ambako mzigo utaangukia. Aidha, kazi hiyo ni miongoni mwa zile zinazotajwa mara kwa mara kuhusu upendeleo wa malipo yasiyobadilika: kaya nyingi huyapenda hata pale ambapo kulipia kila simu kungewagharimu kidogo. Mtu hulipia utulivu wa moyo, na utulivu huo ni sehemu ya manufaa ingawa haumo katika bili.

Lakini kila nguvu ya kazi hii imesimama juu ya mhimili mmoja: kaya ina simu moja, mtoa huduma mmoja, na bili inayokuja baada ya matumizi. Mhimili huo ukiondolewa, mambo hugeuka. Katika malipo ya kabla hakuna bili ya kuogopwa mwishoni mwa mwezi, kwa kuwa huduma hukoma salio linapokwisha. Hofu ya mtumiaji si kudaiwa zaidi ya alivyotarajia, bali kukatikiwa katikati ya mazungumzo au kifurushi kuisha muda kabla hakijatumika. Upendeleo wa malipo yasiyobadilika haupotei, lakini hubadili umbo: huonekana katika ununuzi wa kifurushi kidogo cha siku, hata pale kifurushi cha mwezi kinapokuwa na bei nafuu kwa kila dakika. Mtafiti anayelinganisha bei kwa dakika pekee atamwona mtumiaji huyu kuwa asiye na busara. Ukweli ni kwamba anafanya hesabu nyingine, hesabu ya fedha aliyonayo mkononi leo. Yule anayenunua sukari ya kupima dukani hafanyi hivyo kwa kutojua bei ya mfuko mzima.

4.0 Kosa Dogo la Uchaguzi, Kosa Kubwa la Mzigo

Lojiti ya kawaida ina sifa inayojulikana sana na wahakiki wake: uwiano kati ya machaguo mawili hauathiriwi na chaguo la tatu. Mfano wa darasani ni wa basi jekundu na basi la bluu. Kama nusu ya abiria hupanda gari na nusu basi jekundu, kisha likaletwa basi la bluu lililo sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi, lojiti hutabiri theluthi kwa kila chaguo, ilhali akili ya kawaida inasema nusu watabaki na gari na mabasi yatagawana nusu iliyobaki.

Tuuchukue mfano wa kubuni katika mawasiliano. Eneo moja lina mitandao miwili, A na B, na mzigo wa jumla katika saa ya kilele ni Erlang 43.8. Watumiaji wamegawanyika nusu kwa nusu, hivyo kila mtandao hubeba Erlang 21.9. Kwa kanuni ya Erlang, njia 30 zinatosha kuubeba mzigo huo huku takribani asilimia 2 ya simu zikikataliwa. Sasa mtandao B unatoa kifurushi cha pili ambacho kwa hakika ni kilekile cha kwanza kwa jina jipya. Lojiti inaviona vifurushi hivyo kuwa machaguo mawili tofauti, na inatabiri kwamba A utabaki na theluthi moja, yaani Erlang 14.6. Msimamizi wa A, akiuamini utabiri huo, anaona kuwa njia 22 zinamtosha kwa kiwango kilekile cha ubora na anahamishia njia 8 kwingineko.

Watumiaji, hata hivyo, hawakuhama. Erlang 21.9 zinaangukia njia 22, na kanuni ileile inaonesha kwamba simu zinazokataliwa sasa ni takribani asilimia 15. Makadirio ya mzigo yalikosea kwa theluthi moja. Ubora wa huduma umeharibika zaidi ya mara saba. Hata kosa dogo zaidi lina athari: kwa njia zilezile 30, mzigo ukipanda kutoka Erlang 21.9 hadi 24.8, ongezeko la asilimia 13 tu, simu zinazokataliwa hupanda kutoka asilimia 2 hadi 5. Na kanuni ya Erlang inadhani aliyekataliwa haji tena. Katika maisha halisi hubonyeza tena na tena, na mzigo huongezeka palepale ulipozidi.

Mtetezi wa modeli atajibu kwamba tatizo hili lilishatatuliwa. McFadden na Train (2000) walithibitisha kuwa lojiti mseto, inayoruhusu mapendeleo kutofautiana kati ya mtu na mtu, inaweza kukaribia modeli yoyote ya manufaa yasiyo na uhakika. Jibu hilo ni sahihi, na makala haya yanalikubali. Hata hivyo, linahusu umbo la kanuni tu. Lojiti mseto bado inahitaji kuambiwa mchaguzi ni nani na orodha ya machaguo yake ni ipi. Manski (1977) alikwisha kuonesha kwamba uchaguzi wa mtu unapaswa kuelezwa kwa hatua mbili: kwanza namna orodha yenyewe inavyoundwa, kisha uteuzi kutoka katika orodha hiyo. Kazi nyingi za mawasiliano hushughulikia hatua ya pili kwa ustadi na kuichukulia ya kwanza kama iliyokwisha kujulikana. Sehemu mbili zinazofuata zinaonesha kwa nini jambo hilo haliwezi kuchukuliwa hivyo.

5.0 Laini si Mtu

Takwimu rasmi za mawasiliano, zikiwamo za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, huhesabu laini. Hilo linaeleweka, kwa kuwa laini ndiyo inayosajiliwa, inayotozwa na inayoacha kumbukumbu. Tatizo huanza pale mtafiti anapoisoma laini kana kwamba ni mtu. Mtu mwenye simu ya laini mbili huonekana katika kumbukumbu za kila mtandao kama mteja mwenye matumizi madogo. Laini moja inaponyamaza kwa wiki mbili, modeli husema mteja amehama. Hajahama. Laini imo ndani ya simu, inapokea simu za ndugu, inatunza fedha, na itaamka siku punguzo litakapotangazwa.

Kwa mchaguzi wa namna hii, uamuzi hauko katika kujiunga na mtandao bali katika kila simu moja moja: nani anapigiwa, yuko mtandao gani, laini ipi ina dakika, mnara upi unashika vizuri hapa nilipo. Hili linasaidia kueleza kwa nini haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, si kipimo kizuri cha ushindani katika mazingira haya. Aliyekwisha kuwa na laini mbili hana sababu kubwa ya kuihamisha mojawapo; huhama mara kadhaa kwa siku bila fomu yoyote.

Upande wa pili wa tatizo hauzungumzwi sana: laini moja yenye watu wengi. Simu ya baba hutumiwa na mama kumpigia mwanawe aliye mjini. Simu ya dukani hupokea ujumbe wa majirani. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, uliifunga kila laini kwa jina la mtu mmoja, lakini haukubadili mkono unaoishika. Mtafiti anayeunganisha laini na umri na jinsi ya mwenye jina, kisha akakadiria mapendeleo ya wanawake na wanaume, huenda anapima nani mwenye kitambulisho na si nani mwenye kuzungumza.

Athari kwa usimamizi ni ya moja kwa moja. Mwenye laini mbili anapokataliwa na mnara mmoja huhamia wa pili papo hapo. Kwa hiyo msongamano wa mtandao mmoja humwagikia jirani yake ndani ya dakika chache, na mitandao ambayo katika vitabu vya hesabu ni washindani huwa, katika saa ya kilele, mabonde mawili ya mto mmoja. Modeli inayoukadiria kila mtandao peke yake haiwezi kuuona mtiririko huo.

6.0 Bipu kama Uchaguzi

Kama kuna tendo linalofichua mipaka ya modeli hizi, ni bipu: kupiga na kukata kabla ya kupokewa. Donner (2007), katika utafiti wake uliotokana kwa sehemu kubwa na mahojiano nchini Rwanda, alitofautisha bipu ya kuomba upigiwe, bipu yenye maana iliyokubaliwa kabla, na bipu ya kusalimiana tu. Alionesha pia kuwa zina kanuni za adabu, na mojawapo ni kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kugharimia mazungumzo. Mtanzania yeyote atazitambua kanuni hizo bila kufundishwa. Kijana humbipu mjomba. Mjomba kumbipu kijana ni jambo la aibu.

Kwa mtazamo wa nadharia, bipu ni uchaguzi kamili. Mtu amepima manufaa, gharama na njia mbadala, akateua. Lakini katika kumbukumbu za matozo haipo, kwa kuwa haikutozwa. Katika mtandao ipo: hutumia njia za ishara, huulazimu mfumo kumtafuta anayepigiwa na, kulingana na namna mtandao ulivyopangwa, huweza kushika njia ya mazungumzo kwa sekunde chache. Hivyo tunapata tendo linaloonekana kwenye vyuma na lisiloonekana kwenye hesabu. Watoa huduma wenyewe walilitambua kabla ya wanazuoni wengi, wakabuni ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe, ambao ni mwepesi zaidi kwa mtandao kuliko simu isiyokamilika.

Bipu inavunja pia dhana ya mchaguzi mmoja. Mazungumzo yanayofuata yameamuliwa na watu wawili, mmoja akianzisha na mwingine akilipa. Kumbukumbu zitasema kuwa mjomba, mkazi wa mjini, ndiye aliyehitaji kuzungumza saa mbili usiku, na mzigo wa mahitaji utaandikwa kwenye mnara wake. Mahitaji, kwa hakika, yalizaliwa kijijini. Ikiwa uamuzi wa kuimarisha minara unafuata mapato ya simu zilizopigwa kutoka kila mnara, kijiji kinachobipu kitaonekana hakina haja ya mawasiliano, na mji unaorudisha simu utaonekana una haja maradufu.

Hapa ndipo suala linapovuka ufundi. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali ambako soko peke yake halifiki. Kuwepo kwa mfuko huo ni kukiri kwamba mahitaji na malipo si kitu kimoja. Modeli za uchaguzi zilizokadiriwa kwa kumbukumbu za matozo hulisahau jambo ambalo sheria imelikumbuka.

7.0 Msongamano: Sababu na Tokeo

Modeli nyingi huweka ubora wa huduma upande wa sababu: mtandao ukiwa mzuri, watu huuchagua. Lakini watu wakiuchagua, hujaa, na ukijaa haubaki mzuri. Ubora ni sababu ya uchaguzi na ni tokeo lake. Wahandisi wa barabara walilitambua jambo hili tangu Wardrop (1952), aliyeeleza hali ya utulivu ambamo hakuna dereva anayeweza kupunguza muda wake kwa kubadili njia peke yake. Katika mawasiliano, mtafiti anayekadiria athari ya ubora kwa kulinganisha minara yenye msongamano na isiyo nao anaweza kupata jibu la kushangaza, kwamba watu hupenda minara iliyojaa. Amegeuza tokeo kuwa sababu.

Majaribio yaliyopangwa hupunguza tatizo hilo. Mradi wa INDEX katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1990, uliwapa washiriki wapatao 70 intaneti nyumbani na uhuru wa kubadili kasi, hadi kilobiti 128 kwa sekunde, kwa bei zilizobadilishwa na watafiti. Kwa kuwa bei haikutokana na msongamano, mwitikio wa watumiaji ulipimika. Mradi wa TUBE wa Chuo Kikuu cha Princeton (2012) uliwapa washiriki takribani 50 bei za data zilizobadilika kwa saa, na uwiano kati ya kilele cha matumizi na wastani ukapungua kwa asilimia 30. Afrika Mashariki haikuwa nyuma katika wazo hili: nchini Uganda, kampuni ya MTN ilitoa huduma ambamo punguzo la bei ya simu lilibadilika kulingana na mnara na saa, na mtumiaji akaliona punguzo hilo kwenye skrini ya simu yake.

Kazi hizi zinastahili sifa, lakini zina ukimya wa pamoja. Washiriki wa INDEX walikuwa watu wa jumuiya ya chuo kikuu. Kuahirisha upakuaji wa filamu hadi usiku kwa ajili ya bei nafuu ni jambo dogo. Kuahirisha simu ya kuulizia hali ya mgonjwa si jambo dogo. Bei ya saa huhamisha mzigo wa wale wanaoweza kusubiri na pia wa wale wasioweza kulipa, na grafu ya matumizi haiwatofautishi. Mwanafunzi anayeamka saa nane usiku ili atumie kifurushi cha usiku ataandikwa kuwa mtumiaji aliyechagua usiku. Ni kweli amechagua, lakini usingizi aliolipa haumo katika safu yoyote ya data.

Mwezi Aprili 2021, utaratibu mpya wa vifurushi ulipoanza kutumika nchini, bei zilizotangazwa zilizua malalamiko makubwa na utekelezaji ukasitishwa. Kwa mhakiki, tukio hilo lina funzo. Watumiaji hawakusubiri kuhama laini wala kupunguza matumizi, ambayo ndiyo machaguo pekee ambayo modeli inawapa. Walilalamika hadharani, na sauti yao ilibadili bei. Nadharia isiyo na nafasi ya sauti hiyo haiwezi kudai kuwa imeeleza mwenendo wa watumiaji.

8.0 Lugha ya Dodoso

Kipo chanzo kingine cha kosa ambacho watafiti wanaoandaa madodoso kwa lugha ya kigeni na kuyatafsiri wanapaswa kukiangalia. Neno mtandao katika Kiswahili cha kila siku lina maana zisizopungua tatu: kampuni ya simu, mawimbi yanayoshika mahali fulani, na intaneti. Anayesema "natumia mtandao fulani" anataja kampuni. Anayesema "huku hakuna mtandao" anataja mawimbi. Anayesema "nimeona mtandaoni" anataja intaneti. Swali "Je, unaridhika na mtandao wako?" linaweza kujibiwa kwa namna tatu na watu watatu, na majibu yakawekwa katika safu moja.

Vivyo hivyo, mtumiaji hasemi kwamba amechagua kifurushi. Anasema amejiunga, na kwamba kimekata au kimeisha. Neno kujiunga lina ladha ya hiari, lakini huhusu menyu ya nyota na reli ambayo mtoa huduma ameipanga, na mara nyingi kilicho juu ya orodha ndicho kinachobonyezwa. Dodoso linalouliza "ulichagua kwa sababu gani?" huweza kumlazimisha mhojiwa kubuni sababu ya tendo ambalo kwake lilikuwa kubonyeza moja. Swali bora ni lile linalouliza kuhusu tendo la mwisho: mara ya mwisho ulipotaka kuzungumza na mtu, ulifanya nini kwanza, na isingewezekana ungefanya nini?

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa modeli za uchaguzi zinaweza kumsaidia msimamizi wa mtandao kwa masharti matatu. Kwanza, kipimo cha uchaguzi kiwe tendo la kuwasiliana na si laini, na pale inapowezekana kimfuate mtu katika laini zake zote. Pili, orodha ya machaguo iundwe kutokana na salio, mahali na saa ya mtumiaji, na ijumuishe bipu, ujumbe wa kuomba upigiwe, kuazima simu na kunyamaza; maana kunyamaza nako ni chaguo, na kwa wengine ndilo pekee lililobaki. Tatu, kumbukumbu za matozo zisomwe pamoja na kumbukumbu za ishara za mtandao, ili majaribio yasiyozaa malipo yahesabiwe kuwa ushahidi wa mahitaji.

Sharti la tatu lina gharama yake. Kumbukumbu za ishara hufichua nani alimtafuta nani na akiwa wapi, hata pale ambapo hakuna neno lililosemwa. Utafiti utakaozitumia utapaswa kuzijumlisha kwa kiwango cha mnara na kuondoa utambulisho wa mtu kabla hazijamfikia mtafiti. Si halali kumwonesha aliyesahauliwa kwa njia ya kumvua faragha yake.

Mchango wa Train, McFadden na Ben-Akiva unabaki hai: walituonesha kwamba namna mtu anavyolipa na namna anavyozungumza ni uamuzi mmoja. Kilichobaki ni kuupeleka mbele ukweli huo hadi kwa yule asiyelipa leo lakini anayetaka kuzungumza. Mnara unaojengwa kwa kumhesabu mlipaji peke yake utakuwa na nafasi tele mahali ambako simu hurudishwa, na utaendelea kukosekana mahali ambako simu huanzia.